Bima ya gari Uingereza baada ya hukumu ya ulevi: mwongozo kamili kwa mwenye DR10

DR10 ni msimbo unaoandikwa kwenye leseni ya aliyehukumiwa kwa kuendesha akiwa amezidi kipimo cha pombe. Wanaoniuliza kuhusu bima baada ya hukumu hiyo karibu wote wamekwama mahali pamoja. Muda wa kufungiwa leseni umeisha au unakaribia kuisha, wameingia kwenye tovuti ya kulinganisha bei za bima, wamefika kwenye swali la makosa ya barabarani, na hapo mkono unasita. Wapo wanaobofya "hapana" kwa kuwa walishalipa faini, wakakaa bila leseni mwaka mzima na kuona deni limekwisha. Wapo wanaobofya "ndiyo" lakini wanajaza tarehe waliyokamatwa palipotakiwa tarehe ya hukumu. Na wapo wanaoendelea kutaja hukumu ya miaka minane iliyopita, wakilipa bei ya juu ambayo sheria haiwadai.

Mwongozo huu ni wa England na Wales. Uskoti na Ireland ya Kaskazini zinafanana nazo kwa mengi, lakini si kwa yote. Uskoti, kwa mfano, kiwango cha pombe kinachoruhusiwa ni mikrogramu 22 kwa mililita 100 za pumzi, wakati England na Wales ni 35.

Kuna dhana moja ya kuiondoa kabla ya kuanza. Kwetu Tanzania na Kenya, bima kubwa hukadiriwa zaidi kwa thamani ya gari, na gari lenye bima huendeshwa na ndugu au rafiki bila maswali mengi. Uingereza anayepimwa ni dereva: umri wake, kazi yake, anapoishi, ajali alizopata na hukumu zilizomo kwenye leseni yake. Gari la shemeji yako likiwa na bima kubwa kabisa, wewe usipotajwa kwenye mkataba ule huna bima siku utakayoshika usukani.

## Vitu vya kuwa navyo mezani

Usianze kujaza fomu yoyote kabla ya kukusanya hivi:

- Barua ya mahakama inayoonyesha tarehe ya kosa, tarehe ya hukumu, muda wa kufungiwa na kiasi cha faini.
- Kipimo chako cha pombe siku ile, kwa tarakimu. Baadhi ya kampuni hukiuliza.
- Namba ya leseni, namba ya Bima ya Taifa (National Insurance) na msimbo wa posta. Kwa hivyo vitatu unaingia kwenye tovuti ya serikali, GOV.UK, na kuona rekodi yako kama ilivyo kwa DVLA, mamlaka ya leseni na usajili wa magari.
- Cheti cha kozi ya madereva waliokamatwa kwa ulevi, kama uliihudhuria.
- Barua ya kampuni yako ya zamani inayothibitisha miaka uliyokaa bila kudai fidia. Kampuni nyingi huikubali barua hiyo ndani ya miaka miwili tu tangu mkataba wa mwisho kuisha, kwa hiyo aliyefungiwa kwa muda mrefu anaweza kuanza upya.
- Kadi ya gari, V5C, na makadirio ya kweli ya maili utakazoendesha kwa mwaka.

## Hatua ya 1: Usiliache gari bila bima wakati umefungiwa

Hili huwapata watu wiki za mwanzo kabisa. Mahakama imekufungia, gari limeegeshwa nje ya nyumba, nawe unaiacha bima iishe kwa sababu huendeshi. Uingereza gari lililosajiliwa linatakiwa kuwa na bima hata kama halisogei, isipokuwa umeiarifu DVLA kwamba umeliondoa barabarani. Tamko hilo huitwa SORN. Ni bure, na linafanyika mtandaoni kwa dakika chache. Ukilikosa unaweza kutozwa pauni 100, na kesi ikifika mahakamani faini inaweza kufika pauni 1,000.

Gari lenye SORN halikai kwenye barabara ya umma. Liweke uani, gereji au kwenye kiwanja cha mtu binafsi.

Kama mke, mume au mwanao mkubwa ataendelea kulitumia, achukue bima kwa jina lake kama dereva mkuu, na wewe usiwemo hata kama dereva wa pili. Ongea na kampuni uliyo nayo kabla haijagundua yenyewe, kwa sababu mikataba mingi inakutaka uiarifu hukumu inapotokea. Ikisema itaufuta mkataba, omba uruhusiwe kuusitisha wewe. Tofauti inaonekana ndogo, lakini fomu nyingi za bima zinauliza kama umewahi kufutiwa bima na kampuni, na "ndiyo" ya pale inapandisha bei peke yake, mbali na hukumu.

Onyo: kuendesha wakati umefungiwa ni kosa jingine kabisa, la kifungo cha hadi miezi sita, na siku hiyo bima nayo haipo. Leseni ya Kenya, Uganda au Tanzania haikuokoi. Mahakama haikuchukulii kadi tu. Inakuondolea haki ya kuendesha Uingereza kwa leseni yoyote ile.

Umefaulu hatua hii ukiwa na uthibitisho wa SORN, au bima ya mtu mwingine isiyo na jina lako.

## Hatua ya 2: Maliza kozi kama mahakama ilikupa nafasi

Anayefungiwa miezi 12 au zaidi anaweza kupewa nafasi ya kozi inayopunguza muda huo hadi kwa robo. Kiwango cha chini cha kufungiwa kwa kosa la kuendesha ukiwa umezidi kipimo ni hiyo miezi 12, kwa hiyo wengi wanahusika. Nafasi hutolewa mahakamani siku ya hukumu, na ni vigumu kuirudia ukishatoka bila kuikubali. Gharama inafika hadi pauni 250, na unatakiwa uimalize kabla ya tarehe iliyowekwa na mahakama. Ukichelewa hupati punguzo.

Nasisitiza kozi kwa sababu mbili. Miezi mitatu hadi mitano ya kurudi kazini mapema ni fedha nyingi kuliko ada yake, hasa kwa wale wanaofanya kazi ya kuhudumia wazee na wagonjwa majumbani, ambao bila gari hawapangiwi zamu. Sababu ya pili ni kwamba baadhi ya kampuni za bima huuliza kama uliihudhuria.

## Hatua ya 3: Rudisha leseni kabla ya kununua bima

Aliyefungiwa siku 56 au zaidi harudishiwi leseni yenyewe tu, anaomba upya. DVLA hutuma fomu ya D27 siku 56 kabla ya muda kuisha, kwenye anwani waliyo nayo wao. Umehama? Badilisha anwani mapema, maana fomu nyingi hupotelea kwenye nyumba za zamani. Ikikosa kufika, chukua fomu ya D1 posta. Ada ya kawaida ni pauni 65.

Kuna kundi linaloshughulikiwa tofauti, la madereva wanaohesabiwa kuwa na hatari kubwa. Umo humo kama:

- pumzi yako ilikuwa na mikrogramu 87.5 au zaidi, au damu yako miligramu 200 au zaidi;
- hii ni hukumu yako ya pili ya ulevi ndani ya miaka 10;
- ulikataa kutoa pumzi, damu au mkojo wa kupimwa.

Hili la tatu linawashangaza wengi. Mtu alikataa kupuliza akidhani anajiokoa, kumbe amejiweka kwenye kundi gumu zaidi. Mtu wa kundi hili hutumiwa fomu siku 90 kabla, hulipa ada ya pauni 90, na lazima apite kwa daktari aliyeteuliwa na DVLA kwa gharama yake mwenyewe. Atajaza dodoso la unywaji na kutolewa damu kwa kipimo cha CDT, kinachoonyesha kama mtu amekuwa akinywa sana kwa wiki zilizopita. Kuacha pombe siku mbili kabla hakukifichi. Kama unywaji bado unakushinda, hapa ndipo pa kutafuta msaada kupitia daktari wako wa GP, miezi mingi kabla ya tarehe. Kipimo kikikataa, leseni hairudi na hakuna bima ya kutafuta.

Asiye wa kundi hilo anaweza, kwa masharti, kuendesha muda wa kufungiwa ukiisha huku DVLA ikiendelea kushughulikia maombi yake. Mimi nashauri usubiri hadi rekodi ya mtandaoni ionyeshe leseni hai, kwa sababu kampuni ya bima nayo inataka kuiona hivyo.

## Hatua ya 4: Andika tarehe zako kwenye karatasi moja

Hapa ndipo makosa mengi yanapozaliwa, kwa hiyo nakwenda polepole.

Hukumu ya DR10 hukaa kwenye rekodi ya leseni miaka 11 kuanzia tarehe ya hukumu. Hiyo ni saa ya kwanza, na ni ya polisi na mahakama: ukikamatwa tena ndani ya miaka 10, hakimu atakufungia si chini ya miaka mitatu.

Saa ya pili ni ya bima. Kwa sheria ya mwaka 1974 kuhusu hukumu zilizopitwa na muda, mtu mzima aliyeandikiwa kosa kwenye leseni huhesabiwa amemaliza baada ya miaka mitano tangu tarehe ya hukumu. Baada ya hapo kampuni ya bima haina haki ya kukupandishia bei wala kukukataa kwa sababu ya hukumu hiyo, na wewe huna wajibu wa kuitaja, hata kama bado inaonekana kwenye rekodi. Ukifungiwa kwa zaidi ya miaka mitano, saa hiyo inaendelea hadi muda wa kufungiwa uishe. Waliopewa kifungo kirefu cha jela nao wana hesabu yao, na wanahitaji ushauri wa mwanasheria.

Chukua mfano. Dereva amekamatwa 5 Februari 2022, akahukumiwa 14 Machi 2022 na kufungiwa miezi 20. Amemaliza kozi, imepunguzwa miezi mitano, anaweza kurudi barabarani katikati ya Juni 2023. Kwenye karatasi yake panakuwa hivi:

- Kosa: 5 Februari 2022
- Hukumu: 14 Machi 2022
- Mwisho wa kuitaja kwa kampuni za bima: 14 Machi 2027
- Mwisho wa kuonekana kwenye leseni: 14 Machi 2033

Angalia kwamba miaka mitano haihesabiwi kuanzia siku alipokamatwa wala siku aliporudishiwa leseni. Akihesabu kuanzia Juni 2023 atalipa bei ya juu mwaka mzima na zaidi bila kudaiwa. Akihesabu kuanzia Februari 2022, kuna wiki kadhaa ambazo atakuwa ameficha hukumu inayostahili kutajwa.

Umefaulu ukiwa na karatasi yenye tarehe nne, na zote zinalingana na barua ya mahakama na rekodi ya DVLA. Zikitofautiana, andikia DVLA kabla ya kuendelea.

## Hatua ya 5: Jaza swali la hukumu kwa ukweli wote

Andika msimbo kama ulivyo kwenye rekodi. DR10 ni kuendesha ukiwa umezidi kipimo. Kukataa kupimwa baada ya kuendesha ni DR30. Ukichagua msimbo usio wako kwa sababu unasikika mwepesi, umetoa taarifa ya uongo. Kuhusu muda wa kufungiwa, weka ule uliotolewa na mahakama. Kama fomu haieleweki, piga simu na andika jina la aliyekujibu na saa mliyozungumza.

Kwa nini nasisitiza? Kampuni inaweza kukagua rekodi yako kwa kutumia namba ya leseni. Na hata isipokagua leo, itakagua siku ya ajali. Sheria ya bima ya mwaka 2012 inagawa makosa ya kujaza fomu katika mafungu mawili.

Ukificha kwa makusudi, kampuni inaweza kuufuta mkataba tangu siku ya kwanza, kukataa madai yote na kubaki na fedha ulizolipa.

Ukikosea kwa uzembe, fidia inaweza kupunguzwa kwa uwiano. Tuseme ulilipa pauni 800, na kwa majibu sahihi ungetozwa 1,600. Umelipia nusu, kwa hiyo dai la pauni 6,000 litalipwa 3,000. Na kama kampuni isingekukubali kabisa kwa ukweli ule, inaweza kukataa dai lote, ikakurudishia ulichoilipa.

Jaza pia matumizi ya gari kwa uangalifu uleule. Bima ya matembezi na kwenda kazini inahusu kituo kimoja cha kazi. Mhudumu anayetoka nyumba ya mzee mmoja kwenda nyingine anahitaji bima yenye matumizi ya kazi. Anayepeleka chakula kwa wateja anahitaji bima ya usafirishaji wa kulipwa, ambayo kwa mwenye DR10 ni ghali mno na kampuni nyingi hazimpi. Ulizia bei yake kabla hujaacha kazi nyingine.

## Hatua ya 6: Tafuta bei mahali panapokufaa

Tarajia bei kupanda sana mwaka wa kwanza, na baadhi ya kampuni kubwa kukukataa. Usikate tamaa ukiona tovuti ya kulinganisha inarudisha majina mawili tu. Wapo mawakala wanaoshughulika na madereva wenye hukumu. Chama cha mawakala wa bima, BIBA, kina huduma ya kukutafutia mmoja, na shirika la hisani la Unlock linatoa orodha ya wanaohudumia watu wenye hukumu.

Mambo yanayoshusha bei kweli:

- Gari la kundi la chini la bima. Magari hupangwa kwa makundi kulingana na hatari yake, na gari dogo la injini ndogo linaweza kuleta tofauti kubwa kuliko kitu kingine chochote.
- Kukubali kifaa kinachorekodi unavyoendesha.
- Kulipa kwa mwaka mara moja. Malipo ya kila mwezi ni mkopo wenye riba.
- Kutafuta wiki tatu hivi kabla ya siku ya kuanza, badala ya usiku wa mwisho.
- Kuongeza kiasi utakachojilipia mwenyewe kwenye dai, ilimradi ni fedha unazoweza kuzipata siku ya ajali.

Usimweke mkeo au mama yako kuwa dereva mkuu wa gari unaloliendesha wewe kila siku. Huo ni udanganyifu, na anayeharibiwa jina ni yule uliyemtumia.

## Hatua ya 7: Jihadhari na wauza bima wa kwenye simu

Hili linaniuma kuliko yote, kwa sababu wanaoibiwa ni wetu na mara nyingi wanaoiba ni wetu pia. Mtu kwenye kundi la WhatsApp anasema ana "mtu wa ndani" anayetoa bima nafuu hata kwa mwenye DR10. Unatuma picha ya leseni na fedha, unapokea hati ya PDF yenye nembo safi kabisa.

Hati hiyo inaweza kuwa ya kughushi moja kwa moja. Au mtu huyo amenunua bima halisi kwa jina lako lakini akajaza kwamba huna hukumu, unaishi kijijini na una miaka 55. Au ameinunua, akakutumia hati, kisha akaifuta na kurudishiwa fedha. Katika hali zote tatu, polisi wakikusimamisha wewe ndiye dereva asiye na bima: pauni 300 na pointi sita, gari linachukuliwa, na leseni yako inapata IN10, msimbo wa kuendesha bila bima, juu ya DR10.

Kagua mambo mawili kabla ya kulipa. Jina la wakala litafute kwenye daftari la FCA, mamlaka inayosimamia huduma za fedha, na upige namba iliyoandikwa humo, si ile aliyokupa yeye. Baada ya kununua, kagua namba ya gari lako bure kwenye huduma ya MIB, ofisi inayotunza orodha ya magari yenye bima. Inaweza kuchukua siku chache kuingia. Kisha pigia kampuni yenyewe, uwaombe wakusomee majibu waliyo nayo kuhusu hukumu zako. Wakisoma DR10 na tarehe sahihi, uko salama.

## Kama uligonga ukiwa umelewa

Waliojeruhiwa watalipwa. Sheria ya Barabarani ya mwaka 1988 hairuhusu kampuni kuwakimbia kwa sababu dereva alikuwa amelewa. Lakini gari lako mwenyewe ni jambo jingine: mikataba mingi ya bima kubwa ina kifungu cha pombe kinachoiruhusu kampuni kukataa kulilipia. Na fedha ilizowalipa wengine, kampuni inaweza kuzidai kutoka kwako.

Barua ya madai hayo ikifika usiinyamazie, wala usikubali kiasi kwa simu. Omba nakala ya mkataba na mchanganuo wa malipo, uzipeleke kwa mwanasheria au kituo cha ushauri wa bure cha Citizens Advice, kisha mjadili malipo ya awamu.

## Hatua ya 8: Siku miaka mitano inapotimia

Weka ukumbusho kwenye simu mwezi mmoja kabla ya tarehe ya tatu kwenye karatasi yako. Bei haishuki yenyewe, kwa kuwa mkataba unaojihuisha hubeba majibu ya zamani. Pigia kampuni, waambie hukumu imepitwa na muda, waombe waiondoe na wakupe bei mpya. Papo hapo tafuta bei kwingine ukiwa umejibu "hapana", ambalo sasa ni jibu la kweli.

Kampuni ikidai kwamba inaiona DR10 kwenye rekodi na hivyo lazima uilipie, andika malalamiko rasmi ukitaja sheria ya 1974 na tarehe yako ya hukumu. Ina wiki nane za kujibu. Isipokuridhisha, peleka suala kwa Financial Ombudsman Service, ofisi inayoamua malalamiko dhidi ya kampuni za fedha na bima. Huduma yao ni bure, na una miezi sita tangu jibu la mwisho la kampuni.

Angalia pia bima ya nyumba. Fomu zake nyingi huuliza kuhusu hukumu za jinai za kila anayeishi humo, baadhi zikiacha nje makosa ya barabarani na nyingine zikiyahesabu. Soma swali neno kwa neno, na tumia karatasi ileile ya tarehe kujibu.